Wifi Anajisifu Kwamba Amenikondesha

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mume wangu yumo humu na dada yake pia yumo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa Kanoni, Karagwe, nina watoto watatu. Tunalima ndizi na kahawa. Naandika nikiwa na hasira. Mtakaoona maneno yangu makali mpite tu.

Baada ya kujifungua mtoto wa mwisho nilianza kunenepa. Wala sikuwa nakula sana. Mlaji ni mume wangu, anamaliza sahani ya ndizi na maharage, anaongeza, na bado suruali zinamlegea kiunoni. Mimi hata nikila kidogo mwili unaongezeka. Asubuhi uso umevimba, mchana nasikia baridi wenzangu wakitoka jasho, nywele zinabaki kwenye kitana, sauti imekuwa nzito, choo nacho shida. Nikishika jembe muda mfupi tu nimechoka. Mama mkwe akasema ni uvivu.

Ndipo akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa ameolewa Kyerwa, ndoa ikamshinda, akaomba apumzike kwetu. Nilimpokea, nikawa namwamkia shikamoo kila siku inapokucha. Haukupita muda akamwambia mdogo wake kwamba nakula kwa siri jikoni wao wakiwa shambani, kwamba haiwezekani mtu anenepe hivi kwa kile anachokula mbele za watu. Mume wangu hakuniuliza kitu. Alinunua kufuli, akafunga stoo, ufunguo akampa dada yake. Tangu hapo wifi ndiye anapakua, mimi ananiwekea kipande cha ndizi na mchuzi. Ndizi za kibanja, shamba la migomba ninalopalilia mimi, nagawiwa kama mgeni asiyetakiwa.

Kilichonichoma zaidi kilitokea Ihembe, kwenye kipaimara cha mtoto wa shemeji. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, nimeshika sahani, sijaonja hata. Wifi akapita, akaichukua mkononi mwangu.

"Wifi, waachie wengine nao wale. Wewe una akiba ya kutosha hapo ulipokaa."

Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa turubai. Alisikia, akainamia simu yake.

Nikaamua nisile kabisa. Nikawa nakunywa uji mwepesi asubuhi na chai ya rangi jioni, basi. Na mwili haukupungua. Hapo ndipo walipoona wamepata ushahidi: stoo imefungwa, chakula hali, na bado ni mnene, kwa hiyo lazima kuna mahali anaiba. Wifi akaenda hadi kwa majirani kuwauliza kama huwa nakula kwao.

Siku moja tukichuma kahawa nikaanguka. Majirani wakanipakia kwenye bodaboda, mmoja akanishikilia kwa nyuma hadi hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alipoisikia sauti yangu tu akanipapasa shingo, akaitazama ngozi, akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliwahi kuniuliza. Akachukua damu ikapelekwa kupimwa. Majibu yalipotoka akamwita na mume wangu. Akatueleza kwamba shingoni kuna tezi, na homoni zake ndizo zinaamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Yangu imelegea. Mwili unachoma chakula polepole, unashika maji, na kujinyima kula kulikuwa kunanimaliza nguvu tu. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza yeye hula kiasi gani. Akasema anakula vizuri, na kuongeza anaongeza.

"Mbona wewe hunenepi?"

Mume wangu akaivuta suruali yake kiunoni, daktari akaendelea.

"Basi miili haifanani. Huyu mlikuwa mnamnyima chakula akiwa mgonjwa."

Nikapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi kabla ya kula, nikaambiwa huenda nitavitumia maisha yangu yote. Nilitegemea mume wangu ataniomba radhi njiani. Hakuniomba. Tulipofika akamsimulia dada yake, naye akajibu huku anamenya ndizi, "Siku hizi hata ulafi una vidonge." Mume wangu akacheka. Si sana, lakini alicheka, na mimi nimesimama mlangoni.

Sasa dawa imenikubali. Uvimbe umepungua, baridi imeniacha, shambani nafanya kazi kama zamani. Mnajua wifi anasemaje? Anatangaza kanisani kwamba yeye ndiye amenikondesha, kwa kunifungia chakula. Wanawake wanamfuata awape mbinu. Mmoja wao ni jirani yetu, ana mke wa mwanawe, binti mdogo aliyejifungua mwaka huu. Nimemwona huyo binti: uso umevimba, amejitanda vitenge viwili juani. Naye ameanza kupimiwa chakula. Nilimfuata mkwewe, nikamsihi ampeleke hospitali akapimwe damu. Akanijibu kwamba wifi yangu alishamwonya kuwa nitakuja na wivu wangu.

Nikamwambia mume wangu aseme alichokisikia kwa daktari, maana mimi siaminiwi. Amekataa. Anasema hawezi kumwaibisha dada yake, na nikisimama mimi mwenyewe kusema mbele za watu, nifungashe niende kwa mama yangu Ihanda, watoto wanabaki. Mama anasema nije, lakini nije nao.

Nimepania kusema Jumapili, watu wakitoka ibadani. Nikisema, nakosa wanangu. Nikinyamaza, binti wa watu ataanguka kama nilivyoanguka mimi. Wenye kuniandikia "vumilia dada" msijisumbue, nimeshavumilia hadi nikabebwa. Nataka anayejua njia ya kusema ukweli huu na kubaki na watoto wangu, anielekeze nifanyeje. Jumapili ni keshokutwa, na leo yule binti nimemwona anatembea ameshika ukuta.