Matcha ya Kunywa na Matcha ya Keki

Mwanangu, nakumbuka wiki moja ya ujana wangu pale Mikumi ambayo hata leo nikiisimulia naona aibu, ingawa wengi waliokuwepo wameshaisahau. Ni wiki niliyomponza mama wa watu akafukuzwa kazi, kisa kopo dogo la unga wa kijani. Nakusimulia kwa kuwa umeniambia unaanza kazi ya jikoni hotelini, na kwa kuwa siku hizi unga huo nauona mpaka kwenye vibanda vya vinywaji. Vijana wanaukoroga na maziwa na barafu, wanaupiga picha, ndipo wanakunywa. Sina ugomvi na picha. Nataka tu ujue unachokoroga.

Nilikuwa mhudumu wa chumba cha chakula kwenye hoteli ndogo ya watalii, nje kidogo ya mji. Nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro, cheti ninacho na mdomo ninao. Nilijua kukunja vitambaa vya mezani mpaka vikafanana na ndege, nikadhani hiyo ndiyo elimu. Jikoni alikuwepo Mama Yudita, Mkaguru wa milimani aliyeolewa Ulaya, kijiji cha huku kwetu Kilosa, si ng'ambo, umri wake sawa na wa mama yangu. Ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Shule aliishia darasa la nne, na kila aliponirekebisha jambo, mimi nililikumbuka hilo darasa la nne kabla ya kukumbuka alichosema.

Siku hiyo dereva alileta kifurushi kutoka Dar. Ndani mlikuwa na kopo dogo la bati, la kutosha kiganja, na mfuko mkubwa unaong'aa wenye picha ya kikombe. Maandishi yote ya Kijapani. Meneja wetu alikuwa bado safarini, akanipigia simu. "Debora, hizo ni matcha, chai ya Kijapani ya unga, wageni wetu wameitanguliza. Zipo za aina mbili, ya kunywa na ya kuokea keki. Mimi na wageni tunafika kesho mchana. Zipambanue, na kama hujui, nipigie."

Angalia maneno yake ya mwisho. Hakuna ruhusa nyepesi zaidi aliyoweza kunipa, na mimi niliiona kama tusi.

Basi nikachemsha maji, nikayamimina yakiwa yanatokota kwenye vikombe viwili, nikaonja. Sisi tuliokulia Kilosa, mtaa wa Magomeni wa huko huko, chai ya kumpa mgeni ni ile iliyokolea, ambayo kijiko kimoja cha majani kinatia rangi sufuria nzima. Chai isiyouma ulimi tunaiita maji ya moto. Ile ya kopo ilikuwa laini, na pamoja na kuiunguza nilivyoiunguza, bado ilikuwa na utamu wa mbali. Ile ya mfuko ilikuwa chungu, ina ukakasi wa ndizi mbichi. Nikasema hii ndiyo chai. Tena ina picha ya kikombe! Nikamwambia Mama Yudita aweke ya mfuko kando kwa ajili ya wageni, na ile ya kopo aokee keki.

Mama Yudita alifungua kopo, akatia unga kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole. Akafanya vivyo hivyo na ule wa mfuko.

"Debora, mimi naona ya kunywa ni hii ya kopo," akasema. "Tazama rangi yake. Hili jani lilikuwa changa, na halikupigwa na jua."

"Mama, haya mambo sisi tumefundishwa chuoni."

Hatukufundishwa hata jina lake, mwanangu. Akaniangalia, akasema labda tumpigie meneja tumuulize. Hapo nikaogopa, maana nikipiga nitaonekana sijui. Nikasema, "Meneja mwenyewe ndiye kasema hivyo." Akachukua kopo. Unga wote wa kopo ukaingia kwenye keki.

Wageni walikuwa mzee mmoja Mjapani, mwalimu mstaafu, na mkewe. Mwaka uliotangulia walikaa kwetu wiki nzima na kutupenda. Baada ya chakula mzee akaomba aletewe matcha yake mezani, ainywe na meneja. Nikapeleka kikombe changu cha uchungu, kifua mbele. Akanusa, akaonja, akakiweka chini taratibu. Akauliza kwa upole kama angeweza kuliona kopo. Nililileta likiwa limeshaoshwa.

Unga ule ulitoka shambani kwa kaka yake. Ulikuwa wa mchumo wa kwanza wa mwaka, na alitaka aukoroge kwa mkono wake mwenyewe, sisi wafanyakazi tuonje kidogo kidogo kwa kupokezana. Aliposikia uko ndani ya keki, alicheka kidogo, akala kipande chake chote, akasema keki ni nzuri. Wala haikuwa na ladha yoyote ya chai. Meneja alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile ile alituita jikoni. "Nani katia ile chai kwenye keki?"

"Ni mimi, bosi," Mama Yudita akajibu. "Debora alinieleza ni agizo lako."

Meneja akanigeukia. "Debora, ulimwambia hivyo?"

Nikasema, "Sijui habari hiyo."

Ndivyo nilivyosema. Mama Yudita hakubishana. Akaanza kufungua kamba ya aproni. Meneja alikuwa na hasira ya kuaibishwa, hakuuliza mara ya pili. Kesho yake asubuhi mama yule alipanda gari la kwenda Ulaya na mfuko wake wa nguo.

Siku nne zikapita. Siku ya tano ilikuwa siku ya gulio kule Ulaya, nikaomba ruhusa nikamfuata. Nilimkuta amekaa nyuma ya mafungu ya mboga kavu, majani ya kunde yaliyotwangwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitikia, kwa kuwa shikamoo haikataliwi, lakini hakunisogezea pa kukaa.

Nikachuchumaa, nikalia, nikaomba msamaha. Akaniacha nimalize.

"Umeshamwambia meneja?"

"Bado, mama."

"Sasa kwangu umefuata nini? Mimi najua kwamba sikukosa. Asiyejua ni yeye, na huko hujaenda." Akafukuza inzi kwa kanga. "Nikwambie kitu, Debora. Siku ya kifurushi ulikuwa hujui, ukasema unajua. Siku ya pili yake ulikuwa unajua, ukasema hujui. Mimi nikuamini lini?"



Ungetegemea anifukuze. Badala yake alinishika mkono, akanitilia kiganjani mboga ya fungu moja, akaniambia nisugue. Ilikuwa laini, ikaingia kwenye mistari ya kiganja ikabaki humo, kijani kibichi. Akanitilia ya fungu la pili. Hii ilikwaruza, na rangi yake imepauka, inaelekea njano. Ya kwanza, alisema, ni majani machanga ya mwanzo wa mvua, kayaanika kivulini na kutoa vijiti vyote. Ya pili ni majani yaliyokomaa, yamekaukia juani juu ya mwamba.

"Na hii ya pili nayo naiuza," akasema. "Ukiiunga na karanga inaliwa vizuri tu, tena karanga haziimezi. Ile laini ukiitia karanga nyingi umeipoteza. Sikuwahi kuiona chai ya Wajapani maisha yangu yote. Lakini jani ni jani, mwanangu. Ungeniuliza."

Nilirudi Mikumi siku hiyo hiyo, nikamweleza meneja mbele ya watu wote wa jikoni. Akaniondoa chumba cha chakula, akanipeleka kuosha masufuria, na nilistahili. Akamtuma dereva Ulaya kumwomba Mama Yudita radhi na kumrudisha kazini. Dereva akarudi peke yake. Mama alikuwa ameshaanza kupanda mpunga wake, akasema salamu zake kwa wote, radhi ameipokea, ila kazi basi. Jina lake nililisafisha, kazi yake sikuweza kuirudisha. Miaka miwili baadaye ufunguo wa stoo nilikabidhiwa mimi, na nikawa mpishi mkuu mpaka nilipostaafu. Watu walinipongeza sana. Mimi nilijua ufunguo ule ni wa nani.

Haya, sasa shika ninayokwambia. Matcha ya kunywa yenyewe, kwa maji tu, hutengenezwa kwa majani machanga ya mchumo wa kwanza, na mti wake hufunikwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa ili jua lisiuchome. Vijiti na mishipa hutolewa, halafu jani husagwa polepole kwenye jiwe. Ndiyo maana ni ya kijani kinachowaka, laini kama poda ya mtoto, ina harufu ya majani mabichi, na utamu wake unatangulia uchungu. Ya jikoni ni ya michumo ya baadaye, majani yamekula jua. Imepauka, ni nzito kidogo kidoleni, na ni chungu. Uchungu huo si ubovu. Ndio unaoifanya isikike ndani ya maziwa, sukari na unga wa ngano. Katikati yake zipo nyingine nyingi, na maneno ya kwenye pakiti usiyategemee sana, maana kila mwenye kiwanda huandika apendavyo. Sugua, tazama, nusa, onja bila sukari. Chekecha unga kwanza, na maji yakishatokota yaache yapoe kidogo, usije ukaunguza kitu kizuri ukakiita kibaya kama mimi. Kopo ukishalifungua, lifunike vizuri na liweke mbali na mwanga na joto la jiko.

Hayo utajifunza kwa wiki moja, hayana ugumu. La pili ndilo litakalokuchukua miaka. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, hata kama anayekuuliza ni bosi na anayejua ni mama wa darasa la nne. Ukiulizwa unalolijua, sema hapo hapo, kabla mwenzako hajafungua kamba ya aproni yake. Usisubiri siku ya gulio.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na akupe watu watakaokufundisha ukishasema. Na siku utakayomkosea mtu, akujalie ufike akiwa bado hajapanda gari.