Jina la Nesi wa Ruangwa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa natunza kompyuta za kituo kimoja cha afya pale Nachingwea, chenye tawi Ruangwa. Majina ya wafanyakazi wote, vyeo na namba zao za simu vilikaa sehemu moja, kwenye saraka ya seva, na programu zote ziliuliza huko. Ya stoo ya dawa iliandikwa kwa Java, kurasa za ofisi kwa PHP, na mimi mwenyewe nilipenda Perl. Kila lugha ya programu ilikuwa na namna yake ya kubisha hodi kwenye saraka.

Kisha nesi wetu mmoja wa Ruangwa akafariki. Baada ya arobaini nikaifunga akaunti yake, kama utaratibu ulivyotaka. Ukurasa wa PHP wa namba za simu ulionyesha walio kazini tu, kwa hiyo jina lake likatoweka.

Kesho yake mumewe, mtunza stoo wetu, alisimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama watoto simwoni tena kwenye kompyuta. Umemtoa?"

Kumbe kila asubuhi, kabla ya kufungua stoo, alikuwa anafungua ukurasa ule wa namba za simu na kulitazama jina la mkewe. Nilijisikia vibaya sana.

"Sijamtoa, mzee. Nimefunga akaunti tu. Karibu ukae."

Nikaandika mistari michache ya Perl: iungane na seva, ijitambulishe, itafute. Jina likatokea kwenye skrini nyeusi, na chini yake cheo na tawi. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hapa nani anamwona?"

"Mimi na wewe."

"Basi muache kwanza."

Nikamwacha. Bosi alipouliza kama jina limeshafutwa kwenye saraka, nilisema nashughulikia. Mzee alikuwa akipita, anatazama, anashukuru, anarudi kazini.

Msimu wa korosho ulipokwisha alikuja na binti yao, mwalimu wa Naipingo.

"Kwenye jina langu," alisema, "mtu wa kutafutwa nikipatwa na shida bado ni mama yake. Muweke huyu."

Nikaandika jina la binti na simu yake.

"Na mama yake sasa mtoe."

Nikamwuliza kama angependa kubonyeza mwenyewe. Akatikisa kichwa kukataa. Binti akanyoosha mkono, akabonyeza, kisha akamshika baba yake bega.

"Umekunywa chai, mwanangu?" mzee akaniuliza.

Nilikuwa bado. Tukatoka wote watatu, tukaenda kula mihogo ya kukaanga kwa mama ntilie.