Gitaa la Mkono wa Uweso

Siku tuliyomzika baba yangu, Uweso, mjomba aliingia kwa wanawake kumwombea radhi marehemu kwa mkewe. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga imemfunika hadi puani. Kila mtu alijua atakalojibu, maana jibu la swali hilo huwa ni moja.

"Nimemsamehe," mama alisema. "Yote. Ila Ijumaa moja."

Shangazi alimgusa goti. "Mboni, usimfunge mwenzio."

"Sijamfunga. Nimesema Ijumaa hiyo nabaki nayo."

Mjomba alisimama kidogo, akitazama vidole vyake vya miguu, kisha akatoka kwenda kuwaambia wanaume kwamba mambo yameisha. Nilikuwa na miaka arobaini wakati ule. Ijumaa aliyoitaja mama niliijua vizuri, kwa sababu ndiyo niliyozaliwa.

Baba hakuwa mtu wa kutajwa redioni. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, kwenye korona, ile mashine inayochuna majani mpaka zibaki nyuzi nyeupe. Akiwa na miaka kumi na tisa mashine ikachukua kidole chake cha pete, mkono wa kushoto. Alipopona alihamia mjini Tanga, akapata kazi ya kulinda ghala, akamwoa mama, wakapanga chumba hapa Chumbageni. Kilichomuuma si kidole. Kilichomuuma ni kwamba kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa, na baada ya hapo kidole chake cha mwisho hakikufika tena mahali kilipotakiwa kufika. Alipiga hivyo hivyo kwenye harusi, akikosea, watu wakicheza bila kujali. Yeye alijali.

Ndipo akatokea Fundi Zubeiri wa Tongoni, seremala wa milango na vitanda, akamwambia: kidole sitakupa, lakini naweza kukuchongea gitaa lisilokihitaji.

Kwa miezi minane, kila Alhamisi jioni, baba alipanda baiskeli akaenda Tongoni, akarudi Jumamosi asubuhi. Ndivyo alivyosema yeye. Mama, aliyekuwa na mimba yangu, alikuwa na hesabu nyingine.

"Kitanda cha samadari cha watu wawili Zubeiri alikichonga kwa wiki mbili," alikuwa akiniambia nilipokuwa mkubwa. "Hicho kijigitaa miezi minane? Labda alikuwa akiuotesha mti kwanza."

Nilizaliwa Ijumaa adhuhuri, mikononi mwa majirani. Baba alifika kesho yake, maranda ya mbao kichwani. Mama aliyatazama yale maranda akasema kwamba hata mzinzi anaweza kupita kwa seremala. Gitaa lenyewe lilikuja nilipotimiza siku arobaini. Mama aliinama juu ya tundu lake na kurunzi, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani: jina la duka la Mombasa, kwa herufi za dhahabu.

Kosa la baba lilikuwa kucheka. Alicheka, ndipo akaeleza: mkubwa wa bendi yao hakutaka kuona jukwaani gitaa la fundi vitanda, kwa hiyo Zubeiri alibandua karatasi kwenye gitaa bovu la dukani akaibandika kwenye lake, kama mtu anayemvisha mwanawe shati la jirani aende mjini. Hadithi ilikuwa nzuri mno. Mama hakuiamini, wala hakwenda Tongoni kuuliza. Alisema yeye si askari wa kumfuatilia mume. Masika yaliyofuata Zubeiri akafariki, na hakubaki wa kuulizwa.

Waliishi pamoja miaka arobaini baada ya hapo, kwa heshima. Gitaa lilitundikwa kwenye msumari sebuleni. Lilikuwa na tabia ya kuitika: mlango ukijipiga, mtu akikohoa, nyuzi zililia kidogo zenyewe, sauti nyembamba kama ya mtu anayeota. Utotoni nililala nikiisikia. Mama akikohoa, gitaa likaitika, mama husema, "Nyamaza." Sikumbuki hata mara moja kumwona akiligusa. Hata wakati wa kupaka chokaa alimsubiri baba aje alishushe.

Mwaka wa nne baada ya msiba, macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, na hakutaka kusikia habari za kupasuliwa. Alasiri moja nilikuwa nikisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu karibu naye. Akaniuliza, "Mastura, ile karatasi bado imo?"

Sikuuliza karatasi gani. "Imo, mama."

"Kuna mtu anayeweza kujua? Kama lilichongwa kweli, au lilinunuliwa?"

"Mafundi wapo."

"Lipeleke kwa asiyetujua. Usimwambie habari zetu. Usimwambie cha kidole wala cha nini. Mtu ukimwambia unachokitafuta, atakipata."

Nilifunga gitaa kwa kanga nikaenda Muheza, kwa fundi Eliudi, Mshambaa anayetengeneza magitaa ya kwaya kwenye kibanda nyuma ya mahali wanapopakia machungwa. Alitazama kile kifurushi changu kirefu mikononi.

"Karibu, dada. Umeniletea mgonjwa au maiti?"

"Hilo utaniambia wewe, fundi. Nataka kujua jambo moja tu. Lilitoka kiwandani, au lilichongwa kwa kuagizwa, kwa mtu mmoja?"

"Wanaouliza hivyo huwa wanataka kuuza."

"Haliuzwi."

"Basi swali lako ni zito zaidi," alisema, akafuta meza kwa kiganja.

Hakuharakisha. Aligonga mgongo wa gitaa kwa kifundo cha kidole, huku sikio limelala juu yake. Akanusa tundu. Akaingiza kioo kidogo cha kujipodolea na mwanga wa simu, akazungusha taratibu, mdomo wazi, na mimi nikaona kwenye kile kioo kipande cha ndani ya gitaa ambacho sikuwahi kukiona maisha yangu yote: chumba cha rangi ya asali, kitupu, chenye vumbi laini sakafuni. Nikatamani ajabu kuingia humo na kukaa.

"Karatasi inasema Mombasa," nilimkumbusha.

"Karatasi imesema. Sasa tuziulize mbao." Alipapasa uso wa gitaa. "Hii ni podo. Nimekulia Lushoto, chumba chetu kilikuwa cha podo, naijua hata ikizeeka. Mgongo huu ni mfenesi. Niambie, kiwanda gani kitapanda mlimani kwetu kuchukua podo, kishuke pwani kutafuta mfenesi, kwa gitaa moja?"

Kisha akalowesha kitambaa kwa maji ya moto, akakibana kwa kibanio kirefu, akakiweka juu ya pembe ya karatasi na kungoja. Nje machungwa yalikuwa yakimiminwa kwenye gari, yakigonga mbao kwa mfululizo kama mvua inayoanza. Pembe ilipolegea aliinua kidogo tu, akaniita nitazame kiooni. Nyuma ya zile herufi za dhahabu palikuwa na ngozi nyembamba ya mbao nyekundu, imeng'ang'ania karatasi.

"Mgongo ni wa njano, na karatasi imeshika wekundu," Eliudi alisema. "Hii ilibanduliwa kwingine, ikaja na nyama ya huko."

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hadithi ya baba ilikuwa nzuri mno, na ilikuwa kweli.

"Lakini hujaniambia kama ni la mtu mmoja."

"Bado." Alikaza nyuzi, akaanza kupiga. Vidole vyake vilikuwa vya mtu anayepiga kila Jumapili, lakini sauti zilitoka zimepinda. Akarudia. Zikapinda tena. "Mimi si mlevi, dada," alisema, akilitazama gitaa kama mtu aliyetukanwa. Alichukua futi kamba, akapima shingo ya gitaa letu na ya lile la kwaya lililokuwa ukutani: letu lilikuwa fupi, na vile vyuma vilivyolazwa shingoni vimekaribiana. Akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa chini wa shingo, akaenda, akarudi, akasimama mahali pamoja. Ukingo ule ulikuwa na bonde, refu na laini.

Halafu akakunja kidole chake cha pete, akakificha kiganjani, na kifundo chake kikalala ndani ya lile bonde kama kitu kilichorudi nyumbani. Akapiga. Sauti zilikuja zote, kila moja mahali pake.

"Mwenyewe alikuwa nani?"

"Nimeagizwa nisiseme."

"Basi nitasema mimi. Hakuwa na kidole hiki."

Nilijikuta nikitafuta ubishi, kama mama. "Huenda ni kuchakaa tu, fundi. Lilipigwa miaka mingi."

"Kuchakaa hula vanishi. Tazama huku juu karibu na tumbo, mkono haufiki sana. Bonde lipo, na vanishi imelala ndani yake kama siku ilipopakwa. Lilichongwa kwanza. Na kazi hii haina kipimo, dada. Unapunguza unene wa ukucha, unampa ashike, unasikiliza, unamwambia rudi wiki ijayo. Ukizidisha, hakuna kurudisha."

"Miezi minane?"

"Akiwa mvumilivu."

Niliuliza lile la mwisho. "Na siku? Linaweza kusema alikuwa hapo siku gani?"

Eliudi alitabasamu kwa huruma, ingawa hakujua anamhurumia nani. "Linasema ni la nani. Halisemi siku."

Nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Mama alikuwa amekaa kitandani, kanga mabegani, uso umeelekea mlangoni. Nilimwambia yote kwa mpangilio, podo, mfenesi, ngozi nyekundu ya mbao. Alisikiliza bila kutikisika mpaka nilipofika kwenye kidole.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia, mama. Alikijua mwenyewe."

Alinyoosha mikono. "Nipe."

Nilimwekea gitaa mapajani. Alilipokea vibaya, kama anavyopokewa mtoto na mtu asiyezoea. Mkono wake ulipanda shingoni polepole, ukafika kwenye bonde, ukatulia. Msimu wa baridi kigutu cha kidole cha baba kilichokatika kilikuwa kikimuuma, na mama ndiye aliyekikanda kwa mafuta ya nazi, hata miaka ile waliyokuwa hawazungumzi sana. Hapakuwa na mtu duniani aliyelijua umbo lile kama yeye. Akakunja kidole chake cha pete, bila kufundishwa.

"Alikuwa akikaa hapa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hakunipa nilishike? Ningejua siku ile ile."

Ningeweza kunyamaza. "Alikupa. Aliwahi kunihadithia. Ulisema hugusi kitu cha mwanamke mwingine."

"Nilisema." Alikikunjua kidole chake. "Na Ijumaa? Fundi anasemaje?"

"Anasema gitaa halijui siku."

"Huyo ni mtu mkweli. Angekuwa mwongo angeniambia linajua." Alipapasa ule ukingo tena, kutoka juu hadi chini. "Haya. Ijumaa nayo nimemwachia. Mwambie mjomba wako nimemsamehe yote." Kisha akauliza, "Na mimi, nani ataniombea radhi kwake?"

Niliuliza kama nilirudishe sebuleni. Akasema hapana, nipige msumari humu, juu ya kitanda chake. Nikapiga msumari, nikalitundika, nikafunga dirisha kwa sababu ya mbu. Nilikuwa mlangoni mama alipokohoa. Gitaa likaitika, ile sauti nyembamba ya utoto wangu, na mimi nikasimama kungoja lile neno lake, nyamaza.

Hakulisema. Alisikiliza mpaka nyuzi zikaisha kulia. Halafu akakohoa tena, na mara hii, nadhani, hakuwa na kikohozi.