Kulipia Mtandao wa Mama

Mume wangu hupima kila kitu kwa mifuko ya mbolea. Ni Mmatengo, mkulima wa kahawa, na kwa hilo simlaumu. Mbolea ikichelewa, mwaka mzima umeharibika. Kwa hiyo nilipomwambia nataka kulipia mtandao wa mwezi kwa mwezi katika nyumba ya mama yangu kule Ngumbo, aliuliza, "Karibu mfuko mzima wa mbolea kila mwezi, ili mtu aseme marahaba?"

Nilimjibu vibaya. Mimi ni mwepesi wa hasira, na wanafunzi wangu hapa Mbinga mjini wanalijua hilo kuliko wanavyojua jedwali la kuzidisha. Lakini siku ile hasira yangu ilikuwa woga tu. Mama alikuwa na jambo la kuniambia, na kila alipotaka kulisema, bando liliisha.

Nyumba yake iko chini, kando ya ziwa, na simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya meza. Ukitaka kuongea na mtu wa mbali unakwenda jiweni. Ni jiwe kubwa lililoko juu ya shule, na kila mwenye simu hupanda pale. Mmoja anabembeleza mchumba, mwingine anauliza bei ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, wote kwa sauti ya juu, wote wanasikilizana. Pale hakuna siri. Mama alipanda na simu ya kupangusa niliyomnunulia, akiwa na bando la kuunga-unga.

Na mama yangu haanzi na jambo. Kwanza salamu. Kisha anauliza watoto wangu, mmoja mmoja. Kisha mkwe wake, kahawa ya mkwe wake, mvua ya huku milimani. Kisha mihogo yake, usipa wa kuanika, nani anaumwa, nani kazikwa. Yote yakiisha, anashusha sauti na kusema, "Haya, sasa..." Nimelelewa na maneno hayo mawili. Yote yanayotangulia ni kibaraza. Hapo ndipo mlango unafunguliwa. Jumapili baada ya Jumapili nilimsikia akisema "Haya, sasa," halafu kimya, simu imekata.

Nikimrudia, hapatikani. Nikamkatiza salamu ili kuokoa muda, akaona nimemvunjia heshima na akazianza upya. Nikamuuliza moja kwa moja, "Mama, unaumwa?" Nikasikia watu wakicheka nyuma yake pale jiweni. Akajibu, "Mzima tu, mwanangu. Ila ziwa linanisumbua."

Hilo nililielewa mara moja. Nimezaliwa pale, najua ziwa likichafuka mambo yanavyokuwa: mitumbwi haitoki, usipa hakuna, watu wanashindia mihogo mitupu. Nikamwambia, "Litatulia, mama. Ni msimu wake." Jumapili iliyofuata akarudia, ziwa bado, nami nikarudia kuwa litatulia. Kisha akaniuliza kama ule ufunguo wa sanduku lake la vitenge bado ninao. Sikulala vizuri baada ya swali hilo, lilikuwa kama la mtu anayeaga. Barabara ya kuteremkia ziwani ilikuwa imeliwa na mvua, magari yanakwama, na mitihani ya shule ilikuwa mlangoni. Nikaenda kulipia mtandao.

Fundi aliteremka kwa pikipiki, akafunga dishi dogo juu ya bati, akaweka ruta juu ya kabati la vyombo. Mama akanipigia kwa video akiwa amekaa ndani kwake, kwenye kiti chake, uso wake umejaa kioo kizima. "Nakuona!" akasema. "Umekonda! Haya, kwaheri, usimalize bando." Akakata.

Baada ya hapo, hakuna kitu. Napiga, haipokelewi. Natuma ujumbe, haufiki. Wiki ikapita, na nyingine. Nikaenda kwenye ofisi ya kampuni ya mtandao hapa mjini nikasema maneno ambayo mwanafunzi wangu akiyasema namwita mzazi wake. Dada wa kaunta alinisubiri nimalize, akaangalia kompyuta yake, akasema kwa upole, "Mwalimu, huduma ipo. Kifaa cha mama kimezimwa."

Nikamwomba jirani yake, mwanakwaya mwenzake, aende kuangalia. Akanipigia kutoka jiweni akicheka hadi akakohoa. Mama alikuwa ameizima ruta ukutani na kuifunika kwa kitambaa cha kutarizi, kama sahani za wageni. "Anasema anautunza," jirani akaniambia. "Hataki uishe kabla hajakuambia la maana."

Nilicheka naye. Nilipokata simu, kicheko kiliniishia. La maana lilikuwepo, na sasa nililisikia kwa kinywa cha mtu mwingine.

Mwezi ulikuwa unaishia. Mume wangu hakupandisha sauti, yeye hapandishi. Alisema tu, "Tunalipia kitambaa." Nilikasirika zaidi kwa sababu hakuwa amekosea.

Nikatuma neno kwa jirani yule yule: Jumapili baada ya ibada amwashie, akae naye mpaka simu iite, na amweleze kwamba mtandao huu ukishalipiwa hauishi kwa kuongea. Hata akiongea mpaka jioni. Jirani alifanya hivyo, kisha akaenda zake.

Mama alipokea akiwa na gauni lake la kanisani. Alianza kwa kuujaribu, kama mtu anayekanyaga daraja asilolijua. Salamu ndefu. Watoto, mmoja mmoja. Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu na kikombe chake, alisalimiwa kuanzia afya mpaka miche ya kahawa. Akaja kwenye mihogo. Akaja kwenye msiba wa mtaa wa pili, nani alipika, nani hakuonekana. Nilikuwa naminya kanga yangu chini ya meza. Nilitaka kupiga kelele, sema, mama, sema! Nikajizuia, maana nilijua nikimkatiza anarudi mwanzo.

Hatimaye akashusha sauti. "Haya, sasa..."

Kisha kimya. Uso wake umesimama, macho yanatazama chini, mdomo umefungwa. Sikuamini. Dishi, fundi, ugomvi wote ule, na bado mahali ni pale pale! "Imeganda!" nikasema, na kidole kikaenda kwenye alama ya kukata ili nipige upya.

Mume wangu akanishika mkono. "Haijaganda. Angalia pazia." Nikaangalia. Nyuma ya mama, pazia la dirisha la upande wa ziwa lilikuwa linacheza kwa upepo. "Ananiona mimi," akasema kwa sauti ya chini. Akachukua kikombe chake, akaaga, "Mama, naenda kuangalia kahawa," akatoka na kufunga mlango. Kahawa ya kuangalia Jumapili mchana haikuwepo. Ila yako maneno ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mkwe wake.

Mlango ulipofungwa, mama akainua macho. Akaweka mkono juu ya gauni, kifuani, upande wa kushoto.

"Ziwa hili," akasema. "Kuna uvimbe. Nilikuambia, mwanangu, ukasema litatulia."

Nilimwambia aniahidi hataizima ile ruta, akaahidi, nami nikatoka nje nikamkuta mume wangu amesimama tu uani. Nilipomweleza, nusu kwa maneno na nusu kwa mkono, aliweka kikombe chake chini. Asubuhi alikwenda kwanza kulipia mtandao wa mwezi uliofuata, kisha akatafuta gari. Tuliteremka kwa matope, tukasukuma, tukafika, tukamchukua mpaka hospitali. Siku ya upasuaji niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Daktari alituambia uvimbe haujasambaa.

Siku hizi walimu wenzangu wananiuliza kama mtandao wa kulipia una faida, au ni bora kuunga bando tu. Sijui kuwajibu kwa mifuko ya mbolea. Mama hupiga kila Jumapili, kwa salamu zake zote, na ruta haina tena kitambaa. Juzi alifika kwenye "Haya, sasa," akasema ziwa limechafuka tena.

"Ziwa lipi, mama?"

Akanitazama, kisha akacheka, kile kicheko chake cha zamani.

"La maji, mwanangu. Lile lingine si mlinikata?"