Amotisa Nne za Papa

Juzi hapa Bweremana, nikingoja samaki wa asubuhi, ilipita pikipiki ya zamani yenye amotisa nne nyuma, zile springi za kubebea uzito. Wenzangu walimwangalia dereva. Mimi niliinama kutazama chini ya kiti. Najua utanicheka, rafiki yangu, mwanamke mzima kuchungulia pikipiki za watu. Keti basi nikueleze.

Kwetu milimani Masisi nyumba ilikuwa juu kidogo ya barabara, na sisi watoto tulishindana kubahatisha pikipiki ni ya nani kwa kuitazama nyuma tu. Ya mwalimu springi zake zilikuwa zimevunjika, akazifunga kwa vipande vya mpira wa tairi, ikawa inakohoa kila shimo. Mchungaji aliweka vibao mahali pa amotisa, na kila Jumapili tulimchungulia kama ataweza kuketi. Ya jirani yetu, muuza mihogo, ilirefushwa nyuma kwa chuma hadi ikabeba kitanda na godoro lake. Lakini nyanya, mama mzazi wa papa, baba yetu, alitushinda wote. Akichagua maharagwe pale uani, alitaja nani anapita na amebeba nini, na mikono yake haikusimama.

Papa aliteremsha maharagwe yetu hadi Sake kwa pikipiki kuukuu ya amotisa mbili, akipita bariera, kizuizi cha wenye bunduki barabarani. Msimu mmoja akaenda upande wa Walikale, kwenye machimbo ya mawe ya madini, akarudi nayo imechomelewa masikio mawili ya chuma, na juu ya masikio hayo amotisa mbili zaidi. Sisi tukapiga vigelegele. Mama aliingia jikoni.

Tangu hapo alirudi kwa njia za msituni na gunia dogo kama mto wa kulalia, lakini nyuma ya pikipiki ilikuwa imelala kabisa. Tukaanza kula wali kwa sardini, na sikufichi, ulikuwa mtamu. Ila watu tusiowajua nao wakaanza kusimama penye njia yetu. Walisalimia kwa adabu huku macho yao yakiwa kwenye gurudumu la nyuma. Niliwaogopa kuliko mbwa.

Siku moja nyanya akasukuma ungo pembeni.

“Mutoto yangu, ile iko mawe, hapana maharagi. Kama mie muzee naona toka hapa, bale ba ku bariera banaona nini?”

“Mama, njia iko mubaya tu. Njo maana niliongeza.”

“Tosha ile vintu. Nakuomba.”

Papa hakuwa mtu wa kumkatalia mama yake. Alizitoa zile amotisa mbili za kuongeza mbele yake, akaacha masikio matupu, maana hakuona haja ya kuyakata. Kesho yake akapakia maharagwe, maharagwe matupu, akashuka Sake. Nyanya alifagia uwanja akiimba.

Aliyerudi ni muuza mihogo, aliyekuwa nyuma ya papa njia nzima. Alikuwa amebeba magunia yetu. Alisimama uani, kofia mkononi, akatusimulia. Pale bariera hawakufungua hata gunia moja. Mmoja alichuchumaa, akatia kidole kwenye tundu la sikio la chuma.

“Hapa kulikuwaka amotisa ingine. Ulizitosha juu ya nini? Mawe ulificha wapi?”

“Ni mama yangu alisema nitoshe,” papa akajibu.

Walicheka sana. Wakamchukua yeye na pikipiki yake, na muuza mihogo wakamwambia aondoe maharagwe yale, wao hawali maharagwe.

Hatukumwona tena. Baadaye vita vilitutoa mlimani sisi sote, mwalimu, mchungaji, na majirani. Leo sijui nani analima shamba letu. Mara nyingi natamani tu ule mchezo wetu wa kubahatisha, na kelele zetu pale juu ya barabara.

Nyanya hakuhama. Alikufa kabla. Hadi kufa kwake, kila aliyekuja kumpa pole, yeye alimwambia, “Ni mie nilimwambia atoshe.” Mama alimbembeleza kwamba hana kosa, na nyanya aliitika. Halafu alinigeukia mimi.

“Na kama angeziacha zile amotisa, angerudia ku nyumba?”

Ndiyo maana hadi leo, ikipita yenye amotisa nne, nainama kutazama.