Mishono Tisa ya Kiti cha Fundi Viatu

Mama alikuwa ananiita Afande. Nilikuwa na miaka sita, na tayari nilikuwa nahesabu peremende zangu kabla ya kulala na kuzihesabu tena asubuhi. Ikipungua moja, nyumba nzima inasimama. Mshukiwa wangu wa kudumu alikuwa Dada, aliyenipita miaka minne. Yeye alichofanya ni kuvuta mifuko ya gauni lake nje, yote miwili, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, halafu akasema, "Kagua, Afande." Tunacheka mpaka tunakaa chini. Peremende yenyewe mara nyingi ilikuwa chini ya mto wangu.

Nimekua, mvi zimeanza kuchungulia, na Afande hajastaafu.

Mimi na Dada tunachapa fulana. Duka letu ni chumba kimoja cha chini kinachotazama barabara: mbele kaunta, nyuma meza ndefu, fremu za kitambaa chembamba cha kupitishia rangi zimeegemezwa ukutani, na harufu ya rangi ambayo haitoki hata ukioga mara mbili. Mimi nachora na kusukuma rangi. Dada anapokea wateja, anakunja, anapanga, na anatoa tabasamu kwa niaba yetu sote, maana mimi mteja akiniuliza swali lile lile mara mbili naanza kuhisi ananichimba. Ni mwaka wa kumi na tatu huu tuko hivyo.

Kazi hii imenifundisha jambo moja kuhusu jiji: hakuna mwenye kitu chake. Mtu anapaka duka lake rangi ya chungwa Jumatatu, ikifika Ijumaa mtaa mzima ni chungwa. Msusi akiandika jina la saluni kwa herufi za kulala, wiki ijayo hata muuza misumari naye kalaza zake. Wimbo ukitoka, unautoroka dukani unakukuta bafuni. Wateja nao wanakuja na simu mkononi: "Nifanyie kama hii." Hiyo ndiyo kazi yangu, kama hii. Na sijidai malaika. Ile R ninayosifiwa nayo niliitoa kwenye boksi la sabuni. Lakini ile niliazima jamani. Kuna kuazima na kuna kuiba, na tofauti yake ni kwamba mimi huazima, wengine ndio huiba.

Sasa, ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu, na fundi viatu ana kiti cha wateja. Kiti cha plastiki, bluu iliyopauka. Siku moja mgongo wa kiti ulipasuka toka juu hadi chini. Mtu mwingine angekitupa. Yeye alichukua sindano yake na uzi mnene mweusi, akaushona kama anavyoshona kiatu cha shule, na kiti kikarudi kazini. Nilikuwa nakiona kila nikiinua macho. Wakati wa mvua, wateja wakiwa wachache, nikaanza kukichora kwenye daftari langu: ule ufa, ile mishono, miguu imetanuka kama mtu aliyechoka lakini hakubali. Nikasema moyoni, hii ndiyo fulana yangu. Si ya harusi ya mtu, si ya timu ya mtu. Yangu.

Sikumwonyesha binadamu. Nikalifungia daftari kwenye droo nikisubiri ujasiri uje. Ufunguo mmoja uko shingoni kwangu, wa pili uko kwenye mkoba wa Dada, maana ndani ya droo hiyo kuna na mikasi.

Miezi mitatu ikapita. Halafu Kidevu akatoa wimbo.

Kidevu ni mwimbaji. Watu walimpa jina hilo kwa sababu akiingia mahali kidevu kinatangulia, mwenyewe anafuata. Wimbo wenyewe ni wa mtu anayemsubiri mwanamke asiyekuja, na mashabiki wake wakatengenezewa fulana za kuvaa. Nilikuwa naenda kununua rangi nilipoiona ya kwanza, mgongoni mwa kijana mbele yangu. Kiti cha plastiki. Mgongo umepasuka. Umeshonwa.

Mama yangu! Nikamfuata yule kijana, namsogelea, nahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Alipovuka barabara nikavuka. Alipokata kona nikakata. Nilipofika saba akageuka.

"Mama, vipi? Kuna mdudu?"

"Tulia hivyo hivyo mwanangu, nimalizie."

Tisa. Kama yangu. Nilirudi dukani bila rangi, nikafungua droo nikahesabu ya daftari. Tisa! Kwamba kile kiti kipo barabarani tangu mwaka juzi, kwamba yeyote mwenye macho anaweza kukihesabu, hilo halikunipitia kichwani hata kwa bahati mbaya. Kwangu mimi kiti kilikuwa kimehama. Kilikuwa ndani ya daftari, na daftari lina funguo mbili.

Nikanyamaza. Ukitaka kumshika mtu usimshtue. Nikaanza kumtazama Dada kwa jicho la pembeni, na nikwambie, mtu ukimtazama kwa jicho la pembeni kila kitu chake kinakuwa ushahidi. Alikuwa anakunja fulana huku anaimba wimbo wa Kidevu kwa sauti ya chini.

"Umeupenda?" nikamuuliza.

"Hata! Umening'ang'ania tu mdomoni."

Nikasema mwenyewe, ehee, huyo.

Nikamtegea. Nilichora kiti kile kile, safari hii kwa nyuma, na makusudi nikazidisha mishono miwili: kumi na mmoja badala ya tisa. Nikakifungia kwenye droo. Kidevu akitoa fulana nyingine yenye mishono kumi na mmoja, kazi imekwisha, Dada atakuwa hana pa kukimbilia. Nilijiona nina akili kuliko wapelelezi wote wanaolipwa.

Wiki hiyo hiyo, mchana mmoja, Dada alitoka akavuka barabara. Alirudi na vumbi kwenye sketi, mahali pa magoti, yote mawili.

"Umeanguka?"

"Nianguke wapi?"

"Na hilo vumbi?"

"Ni vumbi, Afande. Jiji lina vumbi." Akajipangusa, akaendelea kukunja.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilifungua daftari. Mishono ilikuwa tisa. Miwili ilikuwa imefutwa kwa raba, taratibu kabisa, na mstari wa ufa ukapitishwa tena juu yake kwa penseli, kwa mkono ambao si wangu. Yaani mtu alikuwa ameingia, amekaa, amefanya kazi.

Dukani alikuwepo kocha wa timu ya watoto, amekuja kuulizia fulana zake. Sikumjali.

"Dada. Nani kafungua droo yangu?"

"Mimi."

"Nani kafuta mchoro wangu?"

"Mimi. Niliona ume—"

"Umeona! Ulianza kuona lini? Kile cha kwanza ulikiona pia, ukakipeleka kwa Kidevu?"

Alinitazama, halafu akaanza kucheka, kwa sababu alidhani natania. Akachukua mkoba wake akauweka juu ya kaunta mbele yangu. "Haya. Kagua, Afande."

Na mimi nikakagua. Niliubeba ule mkoba nikaupindua, kila kitu kikamwagika juu ya kaunta mbele ya kocha wa watu: kitana, leso, miwani yake ya kusomea, vidonge vyake vya presha, raba nyeupe, ufunguo wa droo, na kipande cha boksi la fulana. Nikakigeuza. Kilikuwa na vijistari vya kalamu, vimepangwa mstari mmoja. Tisa.

"Hiki nini?" nikapiga kelele. "Hiki ni nini kama si mchoro wangu unaotembea?"

Kocha alikuwa anatazama dari. Dada aliacha kucheka. Aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akavirudisha kila kimoja mahali pake, kitana kwenye kifuko cha kitana, miwani kwenye kasha. Ufunguo hakuurudisha. Aliuacha kwenye kaunta, akamuaga kocha kwa adabu zote, akatoka.

Nilifanya kazi peke yangu siku tatu. Niseme ukweli, siku ya kwanza nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimemshika! Siku ya pili nilichapa namba sita kichwa chini miguu juu kwenye fulana nne za kocha, kila sita ikasomeka tisa, na hakukuwa na mtu wa kuniambia. Siku ya tatu nikaona ushahidi wangu hautoshi, nataka shahidi. Nikavuka barabara kwa fundi viatu kumuuliza kama aliwahi kumwona Dada na watu wa Kidevu.

Fundi viatu ni mtu mkavu, haongei huku mdomoni ana misumari. Aliitema kwenye kiganja.

"Na Kidevu? Hapana. Watu wa Kidevu walikuja kwangu."

"Kwako kufanya nini?"

"Kushona kiatu. Mchoraji wake, binti mrefu hivi, kisigino kilimng'oka hapo kwenye kivuko. Akakaa hicho kiti saa nzima. Alipoinuka akakigeukia akakitazama weee, akaniambia, fundi, naomba nikipige picha kiti chako. Nikamwambia piga." Akaanza kurudisha misumari mdomoni, halafu akasita. "Yeye aliomba. Wewe nilikuwa nakuona mlangoni kwako unakichora mvua nzima. Kuvuka barabara kuja kusema neno, ndiyo leo."

Nilitaka kukaa, na kiti cha kukalia kilikuwa ni hicho. Nikabaki nimesimama.

"Na dada yako naye alikuja," akasema. "Juzi juzi. Alipiga magoti hapo chini nyuma ya kiti, anapitisha kidole kwenye uzi, anaandika kwenye kipande cha boksi. Nikamuuliza, mama, umeangusha nini? Akasema mdogo wake amechora mishono kumi na mmoja, na watu wa mtaa huu wanakijua kiti hiki. Akasema siku fulana zikitoka watakucheka, na yeye hataki uchekwe. Alihesabu mara tatu yule."

Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia. Nilitamani ardhi ipasuke, na isishonwe. Nikakumbuka vile vijistari tisa vilivyonyooka, na yeye bila miwani haoni hata namba ya simu. Alipiga magoti na miwani usoni, barabarani, watu wanapita, kwa ajili ya mtego niliomtegea yeye mwenyewe.

Dada anakaa karibu, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Nilimkuta anapiga pasi. Nilisema yote mlangoni nikiwa bado sijavua viatu: Kidevu, mchoraji, kisigino, kipande cha boksi, mtego. Hata mtego nilimwambia. Nilisema nisamehe Dada, nimekukosea, nimekuvunjia heshima mbele ya mtu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Alimaliza ukosi wa blauzi kwanza.

"Kwa hiyo ile kumi na mmoja hukukosea," akasema.

"Sikukosea."

"Na mimi nikawa nasema, masikini mdogo wangu, macho yameanza kumchosha." Akageuza blauzi upande wa pili. "Nimekusikia. Kesho nitakuja. Fulana za watoto hazijakunjwa."

Na kweli alikuja. Alifika saa ile ile ya siku zote, akafagia, akapokea wateja, akatabasamu kwa niaba yetu. Aliziona zile sita zilizopinduka na akanichekea kidogo, nikafurahi kama nimepewa zawadi. Nilimwekea ufunguo wake kwenye kaunta, mahali anapowekaga mkoba. Haukuguswa. Mchana alitaka mikasi, akasimama pembeni ya droo akaniambia, "Naomba unitolee mikasi." Nikamtolea. Nikamwonyesha mchoro wa fulana, nikamwambia nitaenda kumwomba fundi viatu ruhusa, akasema ni vizuri. Alinijibu kila nilichomuuliza, wala hakununa. Afande hakuniita hata mara moja.

Jioni tulipofunga, nilizima taa ya nyuma, nikamkuta amesimama kwenye kaunta. Ameweka mkoba juu. Amefungua zipu.

"Kagua," akasema.

"Dada, jamani. Usinifanyie hivyo."

"Kagua, ili kesho pasiwe na neno."

Nikatikisa kichwa. Nikamwambia sikagui, haki ya Mungu sikagui tena maisha yangu yote, nikamshika mkono. Na wakati naapa hivyo, macho yangu yalishuka yenyewe mpaka ndani ya mkoba: kitana, leso, miwani, vidonge. Nilipoyainua, Dada alikuwa ananitazama usoni. Akafunga zipu.