Baba Alipouliza Kama Nimefukuzwa

Leo baba kaniaibisha mbele ya mgeni, halafu mimi ndiye niliyebaki nafuta machozi.

Niko nyumbani Kirushya tangu gunia la kahawa liniangukie kiwandani na kunivunja mguu. Asubuhi alikuja dada mmoja wa idara ya utumishi pale kiwandani. Akasema likizo yangu ya matibabu inaendelea, mshahara unaingia kama kawaida, na fidia imepitishwa.

Mimi natabasamu. Baba kakunja uso.

"Kwa hiyo mmemfukuza?"

"Hapana, mzee. Akipona anarudi kazini."

"Na nafasi yake mmempa nani?"

"Hakuna, mzee. Inamsubiri."

Akauliza tena kama nimefukuzwa! Jamani, ungekuwa wewe ungeficha wapi uso?

Ndipo nikakumbuka.

Nikiwa mdogo, msumeno wa kiwanda cha mbao kule Biharamulo ulimkata baba vidole viwili. Akarudi nyumbani, mkono umefungwa kitenge cha mama, na kazini hakuitwa tena.

Sisi watoto tulifurahi ajabu! Baba kutwa yuko nasi. Anatuchomea ndizi, anatuimbia nyimbo za Kihangaza, tunacheka mpaka mama anatufukuza jikoni. Sijawahi kuwa na msimu mtamu kama ule.

Mgeni alipoondoka, baba akanisogezea kigoda niegeshe mguu.

"Pumzika, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi sikupumzika hata siku moja. Nilikuwa nawaza tu kesho mtakula nini."

Na sisi tulidhani yuko likizo.